Meno ya Anthelme

Zélie Vuillermoz alishinda na tupa mkononi Ijumaa ile nzima, na bahati ya Bwana Burdeyron, mwenye karakana, ni kwamba hakupita karibu na meza yake. Hasira zenyewe hazikuanza siku hiyo. Zilikuwa na umri wa miaka kumi na moja, zimelelewa, zimelishwa, zikakua. Siku hiyo ndiyo zilikosa pa kukaa.

Kazi yake ilikuwa hivi. Kila kiko cha mtindo wa Valmory kilimfikia kikiwa kimekwisha: kichwa cha mzizi wa mti kimeng'arishwa, mrija mweusi mpya, hauna hata mkwaruzo. Naye kazi yake ni kukitia kasoro. Alishika tupa nyembamba, akachonga kwenye ncha ya mrija vishimo viwili upande wa juu, na upande wa chini mchoro mmoja wa mshazari, kisha akasugua kwa kitambaa ili vionekane vya siku nyingi. Hizo, ndivyo ilivyoandikwa kwenye boksi, ni alama za meno ya Raoul Valmory, mwigizaji ambaye Ufaransa nzima ilimjua kwa kiko chake. Alichonga arobaini kwa saa, kuanzia asubuhi mpaka king'ora cha jioni.

Ila meno hayakuwa ya Valmory. Yalikuwa ya mume wake.

"Jumapili Valmory anakuja mwenyewe," akasema Odile Mermet, aliyekaa meza ya pili kutoka kwake na hakuna habari iliyompita. "Anaapishwa kwenye Udugu wa Viko, anavishwa joho. Mimi gauni nimeshapiga pasi. Wewe je?"

"Mimi nitakuja na tupa."

"Usije ukamkwaruza, shoga. Mzuri yule."

"Mzuri kwa meno ya mume wangu."

Odile akacheka, halafu akaendelea kwa sauti ya chini. "Wanasema anakuja na kile kiko cha kwanza, kile cha kwenye filamu ya inspekta. Anawapa Udugu, kitundikwe ukutani ukumbini, na kibao cha shaba chini yake. Jina limeshachorwa. Nimekiona kibao kwa mchoraji."

Zélie akaacha kuchonga. "Jina la nani?"

"Shoga, swali gani hilo? Hasira hasara."

"Hasara nimeshaipata. Nipe nafasi na mimi nifaidi hizo hasira."

Odile akainamia viko vyake. Karakana nzima ilikuwa inajua kwamba mumewe, Anthelme, Jumanne anakwenda Lyon, hospitali, kukatwa ulimi.

Sasa nikueleze lilikotoka jambo hili, maana mtu akisikia meno na filamu na ulimi anaweza kudhani tunamtania. Mji wa Saint-Claude unakula kwa viko. Mtoto wa pale hujua maumbo ya viko kabla hajajua herufi. Na watu wa filamu, mabwana wakubwa wale wa Paris, walikuwa na sheria yao ambayo sijui nani aliitunga: daktari wa kwenye filamu apewe kiko kilichonyooka, nahodha apewe kile kifupi kinono, babu tajiri apewe chenye mrija mrefu unaomfika kifuani, na mpelelezi apewe kilichopinda, kinachoning'inia kidevuni, ili mikono yake ibaki na nafasi ya kushika bastola. Oda zikija, watu wa karakana walijua sinema itakuwa ya nini kabla haijapigwa.

Valmory aliigiza mpelelezi, kwa hiyo kiko kilichopinda. Tatizo ni kwamba Valmory hakuwa mvutaji. Na kiko kipya kina makali, kinauma ulimi hata wa mzoefu, sembuse bwana mwenye ulimi wa kusemea mashairi. Akivuta, anakohoa, akikohoa, picha imeharibika. Paris wakaandika barua: tuleteeni viko vilivyokwisha kuzoeshwa moto. Burdeyron akamkabidhi Anthelme, fundi wake wa kutoboa mizizi, kazi hiyo juu ya kazi yake. Kila kiko siku kumi. Anakiwasha asubuhi, anakivuta mashineni, vumbi la mizizi upande huu na moshi upande ule, mpaka ndani ya kichwa pajengeke ukoko mweusi na makali yaishe. Kisha kinapelekwa Paris, bwana anakiweka mdomoni, kitamu.

Na mila ya kazi hiyo inajulikana. Mzoeshaji haumi mrija wa mteja. Ana mrija wake wa kazi, anauchomeka kwenye kila kichwa, na siku ya kumi anauchomoa, unawekwa mpya. Lakini mwaka wa arobaini na saba Paris walikuwa na haraka, posta inafungwa, Anthelme akafungasha kiko akasahau kubadilisha mrija. Kikaenda na ule wake, wenye meno yake. Na meno ya Anthelme huwezi kuyachanganya na ya mtu mwingine: akiwa na miaka tisa alianguka na sleji, kigari cha kutelezea, kwenye barafu, jino moja la chini likavunjika, la pili likalala ubavu. Mwanamke yeyote wa Saint-Claude atautambua mrija wa mumewe katikati ya mirija mia. Zélie angeutambua hata gizani kwa kidole.

Aliutambua kwenye sinema. Uso wa Valmory ulijaa ukuta mzima, kiko kikamsogelea mtazamaji, na pale kwenye ncha, kubwa kuliko sahani, alama za mumewe. Walishikana mikono wakacheka mpaka watu wakawanyamazisha. Ndiyo, walicheka. Zélie hakujisamehe kicheko kile. Kwani magazeti ya Paris nayo yaliziona alama, yakaandika kwamba huyu ni mwigizaji anayetafuna mawazo yake, tazameni alivyokiuma kiko. Oda zikafurika: tunataka chenye meno. Burdeyron hakusema limetokea kosa. Alinunua tupa, akaweka meza, akamketisha pale mke wa mwenye meno. Akamwambia Anthelme aendelee kuzoesha, na afunge mdomo wake. Akaendelea miaka kumi na moja, viko thelathini na zaidi kwa mwaka, mpaka daktari alipomfungua huo mdomo akaona kidonda.

Jioni hiyo king'ora kilipolia Zélie hakuvua aproni. Alipanda ngazi mpaka ofisini.

"Karibu, Bi Zélie. Keti," akasema Bwana Burdeyron, mtu mnene mwenye adabu nyingi na masikio machache.

"Nimeketi tangu asubuhi. Nimekuja kwa neno moja. Kile kiko kitakachotundikwa ni cha Anthelme. Kibao kiwe na jina lake."

"Bi Zélie..."

"Sijamaliza. Sitaki hela yako. Nataka Jumapili, watu wakiwa wamejaa, umwite kwa jina lake, useme mbele yao: meno haya ni ya huyu. Ayasikie wakati bado anaweza kujibu asante. Jumanne hatakuwa nacho cha kujibia."

Burdeyron akavua miwani, akaifuta, akaivaa. "Mimi namhurumia sana mumeo. Lakini watu hawanunui meno, mama, wananunua sura. Nikisimama pale niseme hivyo, Jumatatu nitafunga meza kumi. Na tena, tuambiane ukweli: amevuta tumbaku ya bure miaka kumi na moja. Kuna wanaume katika mji huu wangeiomba kazi ile."

"Basi chagua mmoja kati yao umpeleke Lyon Jumanne badala yake."

Akashuka ngazi.

Nyumbani alimkuta Anthelme anapiga brashi koti lake jeusi. Viazi vilikuwa vimeshachemshwa na kupondwa, maana siku hizo hakuweza kumeza kingine, na jibini la Gex limekatwa vipande vidogo kwa ajili yake yeye Zélie. Mwanamume mwenyewe alikuwa mrefu, amekonda, anaongea polepole kwa sababu kila neno lilikuwa linapita juu ya kidonda.

"Odile amepita hapa," akasema. "Zélie, acha."

"Niache nini?"

"Mtu wa watu anakuja siku moja. Usimwaibishe."

"Anayeaibishwa ni nani? Wewe umeliwa, Anthelme. Wamekutafuna hadi ulimi, na sasa wanatundika meno yako ukutani kwa jina la mtu mwingine, na wewe unapiga koti brashi uende ukapige makofi."

"Nimeona filamu zake zote. Mara tatu kila moja." Akatabasamu upande mmoja wa mdomo, ule mzima. "Na mimi nilikuwa ndani."

Jibu kama hilo ndilo lililokuwa likimtia Zélie wazimu. Huwezi kupigana kwa niaba ya mtu ambaye hataki kukunja ngumi. Alikula viazi vyake bila kuvionja, akaosha sahani kwa kelele nyingi kuliko zilivyohitaji.

Jumapili, baada ya misa, ukumbi ulijaa hadi kwenye ngazi. Wazee wa Udugu walikaa mbele na majoho yao rangi ya divai. Valmory alikuwa mfupi kuliko kwenye sinema na mzee kuliko kwenye picha, lakini alisalimia kila mtu kwa mkono, pamoja na wafagiaji, na wanawake wakayeyuka. Aliweka kiganja juu ya gogo la mzizi mbichi, akaapa kama wanavyoapa wote: hatagonga kiko chake kwenye chuma, hatakiazima, hatakikana. Wakamvisha joho. Kisha akatoa kile kiko mfukoni, akakiweka juu ya mto mwekundu, na Burdeyron akasoma hotuba kuhusu mtu ambaye mawazo yake yameacha alama kwenye mrija.

Zélie alisimama. Alikuwa amekaa safu ya sita, na Anthelme kando yake akamshika sketi, naye akaichomoa mkononi mwake.

"Bwana Valmory," akasema, na sauti yake ilifika mbele bila taabu, kwa kuwa alizoea kusema juu ya kelele za mashine. "Umeapa hutakikana kiko chako. Sawa. Nami nakuuliza: hicho ni chako?"

Burdeyron akasema, "Bi Zélie, kaa chini, tafadhali."

"Nimekaa miaka kumi na moja. Bwana Valmory, meno hayo ni ya mume wangu, Anthelme Vuillermoz, huyu hapa. Kila kiko ulichowahi kuvuta, yeye alikivuta siku kumi kabla yako. Makali yote yaliishia kwake. Hicho hapo alisahau tu kukibadilisha mrija. Keshokutwa wanamkata ulimi. Wewe ulimi wako upo, unang'aa. Kiweke kiko mdomoni, uume, tuone kama meno yanaingia."

Valmory alikuwa amebadilika rangi, lakini hakukasirika, na hilo Zélie hakulitarajia. Alikichukua kiko kutoka kwenye mto, akaitazama ile ncha.

"Mimi nilijua si meno yangu, madamu," akasema. "Nani asiyejua meno yake? Niliuliza vinazoeshwa na nani. Nikaandikiwa barua kwamba ni mashine. Ina mapafu ya mpira, waliniambia, na taya za chuma."

Watu wote wakamgeukia Burdeyron. Naye alikuwa anatafuta kitu kwenye karatasi za hotuba yake, kitu ambacho hakikuwamo.

"Kwa hiyo namuuliza mwenyewe," Valmory akaendelea, na kwa mara ya kwanza mwigizaji yule alionekana mtu wa kawaida, mwenye aibu. "Bwana Vuillermoz, ni meno yako? Sema ndiyo tu. Kibao hiki nitakivunja sasa hivi."

Basi! Jambo likawa limefika mahali ambapo Zélie alikuwa analivuta miaka yote. Neno moja, na hata ulimi mgonjwa unaliweza. Anthelme akasimama polepole, akaweka kiganja kwenye kiti cha mbele. Alimtazama Valmory, akamtazama Burdeyron, akazitazama safu za nyuma walikokaa wanawake wa karakana, Odile na wengine thelathini na kitu, wamevaa magauni yao mazuri.

"Hapana, bwana," akasema. Maneno yalitoka mazito, lakini kila mtu aliyasikia. "Meno ni yako. Kitu cha mashine, mimi sikijui. Mke wangu amechoka, ana mgonjwa nyumbani. Tumsamehe."

Akaketi. Mtu mmoja akaanza kupiga makofi, wengine wakafuata, na makofi yale yalikuwa ya nafuu, ya watu walioepushwa na jambo. Valmory alibaki na kiko mkononi, hajui akiweke wapi. Burdeyron akakichukua taratibu, akakitundika.

Zélie alitoka nje kabla divai haijamiminwa. Anthelme alimfuata kwa hatua zake ndefu, akamfikia darajani, juu ya mto Bienne. "Zélie," akaita, "ngoja nikwambie." Hakungoja. Alikaza mwendo hadi nyumbani, na kila kichwa dirishani kilimwongezea kasi. Mume wake amemfanya mwongo mbele ya mji mzima. Amemfanya mwendawazimu. Miaka kumi na moja yeye Zélie amembebea mzigo wake, na mume anambwaga kwenye matope.

Jioni, mezani, alimwekea supu kisha akaenda kula yake amesimama jikoni. "Kaa basi, mke wangu," Anthelme akasema. "Nina neno."

"Kamwambie Valmory. Ndiye mwenye meno."

Usiku walilala migongo imetazamana. Jumatatu alikwenda kazini, akachonga arobaini kwa saa bila kumjibu mtu, na wenzake walimpa njia kwa heshima fulani mpya ambayo ilimkera zaidi. Mchana Anthelme alikuja mpaka langoni, kofia mkononi, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu alipoacha kazi. Akamwita. Zélie alimshika Odile mkono, wakapitia mlango wa nyuma kwenda kununua mkate.

"Nenda umsikilize, mwenzangu," Odile akasema. "Kesho siyo mbali."

"Alikuwa na ukumbi mzima wa kumsikiliza."

Jumanne waliamka alfajiri kuwahi treni. Zélie alimfungia begi: pajama mbili, soksi, sabuni. Anthelme alikuwa amesimama nyuma yake mlangoni mwa jikoni, akataja jina lake, jina tu, kwa ile sauti nene. Yeye akafungulia bomba, akaanza kujaza birika ambalo hakuna aliyekuwa na haja nalo. Maji yalipofungwa, Anthelme alikuwa ameshavaa koti. Kwenye treni walikaa na watu. Hospitalini muuguzi alichukua begi kwa mkono mmoja, akamshika Anthelme kwa mkono wa pili, na mlango ukafungwa.

Walimruhusu kumwona Alhamisi. Alikuwa amefungwa bandeji kuzunguka taya, uso umevimba, macho yaleyale. Kando yake kulikuwa na penseli na daftari la shule alilopewa na muuguzi. Zélie alikuwa amejiandaa njia nzima kuwa mpole, akaketi, akamshika mkono, na hasira zikamtoka hata hivyo.

"Kwa nini, Anthelme? Neno moja tu. Alikuwa tayari kuvunja kile kibao. Kwa nini ulinifanyia vile?"

Anthelme akachukua penseli. Aliandika polepole, mwandiko wa fundi, herufi zimesimama. *Wakijua meno ni ya mtu wa Saint-Claude hakuna atakayenunua. Wanawake thelathini na tano. Wewe pia. Mimi sitafanya kazi tena. Utaishi kwa nini?*

Zélie alisoma mara mbili. Alitaka kumpiga, alitaka kumbusu, na bandeji zilizuia yote mawili. Meza yake. Ile meza aliyoichukia miaka kumi na moja, ndiyo aliyokuwa akilindiwa, na hakuna aliyemuuliza kama anaitaka.

"Si ungeniambia hilo!" akasema, na watu wa vitanda vingine wakageuka. "Ungeniambia tu, mume wangu. Kabla."

Anthelme akalivuta daftari karibu, akaandika chini ya yale ya kwanza: *Nilikuita mara tatu.*

Zélie alifungua mdomo abishe, kwa mazoea, na kweli alikuwa na la kubisha. Hazikuwa tatu. Ya nne ilikuwa ile ya alfajiri, alipofungulia maji.